Nani Yuko Nyuma ya Shahidi? Historia ya Ushahidi Malindi na Kilifi, Kutoka Kaya Hadi Shakahola

Kabla Mwingereza hajajenga boma Malindi, Wagiriama wa pwani ya Kenya walikuwa na njia zao za kumpima mtu anayesema ameona. Kesi nzito, ya kuua au ya uchawi, ilifika mbele ya wazee wa kambi, baraza lililokutana Kaya Fungo, makao yao matakatifu katikati ya msitu ambao hakuna aliyethubutu kuukata ovyo. Aliyeona alisema, aliyesikia alisema, na jamaa za pande zote mbili wakasikiliza. Maneno yakigongana hata wazee wakashindwa kuamua, kiraho kiliitishwa. Mganga mwenye kiraho chake alikuja na shoka la kutiwa motoni mpaka liwe jekundu, au kipande cha mkate cha kumezwa, au papai lililosomewa maneno. Kiganja kilichobabuka, koo lililogoma kumeza, tumbo lililovimba: hayo ndiyo yaliyokuwa majibu.

Msomaji wa leo ataona ushirikina hapo, na hatakosea akisema kwamba moto hauwezi kumjua muuaji. Lakini utaratibu ule ulimpa shahidi kitu ambacho mahakama zilizofuata zilichukua karne nzima kukitafuta. Aliyesema mbele ya kambi hakusimama peke yake. Ukoo wake ulikuwa umeketi nyuma yake, na hukumu haikuwa mzigo wake. Jirani akipatikana na hatia, aliyemhukumu ni kiraho, si yule aliyesema alimwona usiku akitoka zizini. Damu ililipwa kati ya ukoo na ukoo, kwa hiyo kisasi hakikumtafuta mtu mmoja njiani akirudi shambani.

Upande wa pili wa jambo hilo ulikuwa mchungu. Mjane asiye na kaka, mgeni asiye na ukoo, mzee aliyechukiwa na watoto wake, hao walilishwa papai bila mtu wa kuwatetea. Tangu mwanzo, basi, uzito wa neno la mtu katika pwani hii ulitokana na watu waliosimama nyuma yake. Wanasheria huzungumzia kuaminika kwa shahidi na ulinzi wa shahidi kama mambo mawili, moja la jaji na jingine la polisi. Historia ya Malindi na Kilifi inaonyesha kuwa hayajawahi kutengana.

Walioona mengi bila kuulizwa

Mwaka 1861 Sultani Majid wa Zanzibar aliufufua mji wa Malindi, uliokuwa umebaki magofu na vichaka. Walikuja Waarabu na Waswahili wenye mitaji, wakafungua mashamba ya mtama na ufuta, na mashamba yale yakalimwa na watumwa kwa maelfu. Liwali aliwekwa kumwakilisha Sultani, na kadhi akahukumu kwa sheria ya Kiislamu.

Katika fikihi ya Kishafi iliyofuatwa na wenyeji wengi wa pwani, shahidi alitakiwa awe mwadilifu, mtu ambaye mwenendo wake unajulikana na watu wa kuaminika. Sharti hilo lilikuwa na maana yake: lilimzuia mlevi, mwongo na mwenye uadui. Lakini wanazuoni wengi walisema pia kwamba shahidi awe huru. Katika mji ambao kazi karibu yote ya shambani ilifanywa na watumwa, sharti hilo liliwafungia nje wale walioona mengi zaidi. Msimamizi akimpiga mtumwa mpaka akafa kondeni, waliokuwa pale ni watumwa wenzake.

Wengi hawakungoja haki hiyo. Walitoroka kwenda vijiji vya watoro vya Makongeni na Fuladoyo, na kwenye misheni ya Rabai, na wakapata kusikilizwa kwa kuhama. Utumwa ulipofutwa kisheria katika ukanda huu mwaka 1907, watu wale wakawa mashahidi halali ndani ya siku moja. Lakini mwenye shamba aliyekuwa bwana wao ndiye aliyebaki na ardhi waliyoishi juu yake, na si wengi waliokuwa na moyo wa kusimama mahakamani dhidi ya mtu anayeweza kuwafukuza kesho yake.

Kiapo cha kunyamaza

Serikali ya Kiingereza ilileta mahakama yake pamoja na kodi ya kibanda na madai ya vibarua. Mtu aliyeketi kama hakimu Malindi ndiye aliyekuwa mkuu wa wilaya, ndiye aliyesimamia kodi, na askari walioleta mashahidi ndio waliokuja kuhesabu nyumba. Kwa Mgiriama wa bara ya mto Sabaki, kwenda kusema ukweli mbele ya meza ile kulifanana sana na kwenda kumchongea ndugu yake.

Mwaka 1912 ofisa wa Kiingereza Arthur Champion aliletwa kuwasimamia Wagiriama. Alitafuta kodi, alitafuta vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya wazungu, na alitafuta wazee wa kumsaidia. Mwaka uliofuata mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, alipita kijiji kwa kijiji akiwakumbusha watu wanachopoteza. Katika Kaya Fungo watu walikula viapo: wanawake walikula mukushekushe, na wanaume wakala kile cha fisi. Waliapa kutoshirikiana na serikali. Atakayekwenda kufanya kazi, atakayelipa kodi, atakayepeleka habari kwa mzungu, kiapo kingemla.

Maofisa walijikuta katika nchi isiyosema. Wazee waliowateua wenyewe waliitwa na hawakuja, na waliokuja hawakujua lolote. Mekatilili na mzee Wanje wa Mwadorikola walikamatwa Oktoba 1913, wakapelekwa Kisii kwa amri ya uhamisho wa miaka 5. Mashahidi waliohojiwa baada ya hapo walihojiwa na ofisa yuleyule waliyeapa kumpinga. Serikali ilidai viapo vitenguliwe na Kaya ifungwe. Hata mzungu, basi, alikiri kwa vitendo kwamba kiapo cha Kaya kilikuwa na nguvu kuliko kile cha mahakama yake.

Januari 1914 Mekatilili na Wanje walitoroka Kisii wakarudi kwa miguu kutoka upande wa pili wa nchi. Agosti mwaka huohuo Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, na vita kati ya Wagiriama na serikali vikaenea. Kwa habari yetu ya mashahidi, fundisho la mwaka 1913 ni hili: watu wazima walio na akili zao walichagua kunyamaza kwa sababu waliona wazi ni upande upi ungewalinda wakinyamaza, na hawakuona yeyote wa kuwalinda wakisema.

Kalamu ya hakimu

Sheria ya ushahidi iliyotumika Kenya wakati wa ukoloni ilitoka India. Ile ya mwaka 1872 ililetwa huku mwaka 1897 na ikabaki mpaka Kenya ilipotunga yake, iliyoanza kazi tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili kabla ya uhuru. Ilikuwa sheria iliyopangwa vizuri, lakini iliangukia mikono yenye dharau. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton aliamua kuwa mke aliyeolewa kwa mila za Kiafrika si mke machoni pa sheria, kwa hiyo hana kinga aliyonayo mke wa Kikristo ya kutolazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Kwa uamuzi huo mwanamke wa Kigiriama, sawa na wanawake wengine Waafrika, angeweza kusukumwa kizimbani dhidi ya baba wa watoto wake, kisha arudi kuishi na wakwe zake. Sheria ya 1963 ilirekebisha dosari hiyo kwa kuitambua ndoa ya kimila.

Dosari nyingine haikuandikwa kwenye sheria yoyote. Shahidi alisema kwa Kigiriama, karani akatafsiri kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, kwa mkono, akifupisha. Kesi ilipokatiwa rufani, majaji walisoma karatasi ile tu. Wakikuta shahidi alisema “karibu na mlango” kwa polisi na “ndani ya nyumba” mahakamani, walimhesabia tofauti hiyo yeye, ingawa huenda ilizaliwa kati ya karani na kalamu. Wazee wa baraza walioketi na jaji katika kesi za mauaji walisaidia kidogo, kwa kuwa waliijua lugha na tabia za watu. Utaratibu wa wazee hao ulifutwa mwaka 2007.

Katika mazingira hayo majaji wa Afrika Mashariki walijenga jambo moja la kujivunia. Mwaka 1953, katika rufani ya Abdalla bin Wendo na mwenzake, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitoa kanuni inayonukuliwa hadi leo kutoka Malindi mpaka Kampala: shahidi mmoja anatosha kuthibitisha jambo, lakini akiwa ndiye peke yake aliyemtambua mshtakiwa, tena katika hali ngumu, ushahidi wake upimwe kwa uangalifu mkubwa, na utafutwe ushahidi mwingine unaoelekea kwenye hatia. Uingereza yenyewe ilisubiri mpaka 1976, kwa kesi ya Turnbull, kuweka mwongozo wa namna hiyo. Mwaka 1967, katika kesi ya Roria, majaji walikiri wasiwasi unaowapata wakiona hukumu nzima imesimama juu ya utambuzi peke yake. Na mwaka 1986, katika kesi ya Maitanyi, wakasema haitoshi shahidi kusema kulikuwa na mwanga. Ni lazima aulizwe ulikuwa mwanga gani, mkali kiasi gani, na ulikuwa wapi ukilinganisha na mtu aliyemwona.

Mtu aliyelala nyumba ya makuti Ganze au Magarini anaelewa umuhimu wa maswali hayo. Mlango umevunjwa saa nane za usiku. Kuna kibatari, au hakuna. Aliyeingia amefunga kitambaa usoni, lakini sauti yake inajulikana. Mama anajua ni nani kwa namna anavyokanyaga. Asubuhi polisi wanafika, naye anaulizwa amemwona nani, huku watu wamejaa uani, na miongoni mwao yumo aliyeingia usiku. Akitaja jina pale pale, mahakama itampa alama kubwa, maana aliyetambua kweli hutaja mapema. Akinyamaza na kulitaja wiki ya pili, akiwa amehamia kwa dadake Mtwapa, wakili atamuuliza kwa nini hakulitaja siku ile. Kanuni ya majaji ni nzuri na imewaokoa wasio na hatia kutoka kamba ya kunyongwa. Lakini inamtaka mama yule awe jasiri katika saa ambayo hana mlinzi hata mmoja.

Wazee, minazi na mashahidi

Kulikuwa na upande mwingine wa ushahidi ambao haukupitia kizimbani. Katika miaka ya 1960 mwanaanthropolojia David Parkin aliishi kati ya Wagiriama wa Kaloleni na mwaka 1972 akachapisha kitabu alichokiita “Palms, Wine and Witnesses”, yaani minazi, tembo na mashahidi. Wakati huo vijana wenye bidii walikuwa wakinunua minazi na mashamba kutoka kwa jirani wenye shida, na wakauza kopra. Mauzo yale hayakuwa na hati. Yalikuwa na wazee walioitwa kushuhudia, wakanywa mnazi pamoja, wakatembea mpakani wakaona mti huu na jiwe lile. Miaka 20 baadaye mtoto wa muuzaji akidai shamba, kinga ya mnunuzi ilikuwa kumbukumbu ya wazee hao.

Kwa sababu hiyo tajiri chipukizi alilazimika kuwa mtu wa watu. Alichangia mazishi, alilipia mahari ya jamaa, alinunua mnazi. Hiyo haikuwa rushwa kwa macho ya jamii. Ilikuwa njia ya kuhakikisha kwamba siku ya kesi hatasimama peke yake. Na wazee nao walijua kuwa neno lao lina thamani mradi halijulikani kuwa linauzwa. Shahidi wa Kaloleni aliaminika kwa sababu aliishi pale, alijulikana pale, na uongo wake ungemkuta pale pale.

Mfumo huo ulifaa kwa shamba. Kwa mauaji ulikuwa hatari. Kama anayeheshimiwa ndiye anayeaminika, basi mwovu mwenye heshima ana mashahidi wa kutosha, na mnyonge aliyemwona hana hata mmoja.

Msichana wa pwani na sheria ya mashaka

Utalii ulipokua Malindi na Watamu, aina nyingine ya shahidi ilijitokeza: mtoto wa kike. Mwaka 2006 serikali na UNICEF zilitoa utafiti uliokadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walikuwa wakiingizwa katika biashara ya ngono. Kesi zilizofika mahakamani zilikuwa chache mno.

Kwa miongo mingi sheria ilimtilia shaka mwathiriwa kwa sababu tu ni mwanamke. Majaji walijionya, au waliwaonya wazee wa baraza, kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani kwa neno la mlalamishi wa ubakaji lisiloungwa mkono na ushahidi mwingine. Mtoto chini ya miaka 14, tangu kesi ya Kibageny ya 1959, alipimwa kwanza kama anaelewa maana ya kiapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kudai ushahidi wa ziada kwa sababu ya jinsia ni ubaguzi unaovunja katiba. Mwaka 2003 kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kikarekebishwa, na mtoto aliyedhulumiwa kingono akaweza kuaminiwa peke yake, hakimu akiridhika na kuandika sababu za kuridhika kwake. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ikaongeza kinga: pazia, mtu wa kumsemea, mahakama iliyofungwa kwa umma. Ikasema pia kuwa familia haina mamlaka ya kuifuta kesi. Uamuzi huo uliwekwa kwa Mwanasheria Mkuu.

Lakini kesi haihitaji kufutwa ili ife. Inatosha mtoto asifike. Mshtakiwa akilipa karo ya kaka zake, akiezeka nyumba ya babake kwa mabati, au mjomba akimpeleka msichana kwa jamaa wa mbali, tarehe ya kusikilizwa inafika na kizimba kiko tupu. Kiongozi wa mashtaka anaomba muda, anapewa, anaomba tena. Mwisho hakimu anafunga jalada, na mshtakiwa anatoka akiwa hana hatia mbele ya sheria. Nguvu zote za kifungu cha 124 hazimfikii mtoto ambaye hakuletwa.

Taifa lajifunza kwa gharama

Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi mwaka 2006, ikaanza kutumika 2008 ikiwa chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 ilidhihirika kuwa hakuna shahidi wa kosa la serikali atakayejiweka mikononi mwa serikali hiyohiyo. Mwaka 2010 sheria ikarekebishwa na kuunda Shirika la Kulinda Mashahidi lenye uhuru wake. Shirika linaweza kumhamisha shahidi na familia yake, kumpa walinzi, kumbadilishia jina, na kuomba mahakama imsikilize akiwa nyuma ya pazia, kwa jina la siri, au faraghani. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inaruhusu mahakama kuwatoa watu na waandishi wa habari ili kumlinda shahidi au mtu mnyonge.

Sheria nzuri, na mtihani wake ulikuwa mkali. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, kesi ya Uhuru Kenyatta iliyotokana na ghasia hizo iliondolewa Desemba 2014, na ile ya William Ruto na Joshua Sang ikakatishwa Aprili 2016. Mashahidi walikuwa wamegeuka, wamejiondoa, wamekana maneno yao, na majaji walizungumzia waziwazi kuingiliwa kwa mashahidi hao. Shahidi mmoja aliyetajwa na upande wa utetezi alitoweka Desemba 2014, na mwili wake ukaja kupatikana Tsavo. Wakenya wa kawaida, hata wale wa Ganze wasiofuata siasa za The Hague, walipata ujumbe mmoja: kama wale wenye macho ya dunia nzima juu yao hawakusalimika, mimi nitasalimikaje?

Ujumbe huo ulitua mahali palipokuwa na hofu yake tayari. Kilifi imezika wazee wengi waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya neno uchawi kuna shamba. Wazee waliotishwa wamepewa hifadhi Kaya Godoma, Ganze, chini ya uangalizi wa Chama cha Utamaduni cha Wilaya ya Malindi. Hifadhi ile inaokoa roho, lakini tazama inavyofanya kazi: anayelindwa ndiye anayehama. Anaacha minazi yake na mbuzi wake, na anayemtisha anabaki na vyote. Mzee akiuawa, waliomwona muuaji ni mke wa marehemu, mkwe na wajukuu, na muuaji ni wa nyumba hiyohiyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Mashahidi hao wanaulizwa na polisi mchana, na usiku wanalala chini ya paa moja na jamaa za mshtakiwa. Hakuna pazia la mahakama linalofika huko.

Shakahola

Kisha ikaja Shakahola, msitu wa Kilifi ambamo waumini wengi walikufa kwa njaa. Mhubiri wao, Paul Mackenzie wa Malindi, alikuwa amewahi kufikishwa mahakamani mwaka 2017 na tena 2019 kwa mafundisho yake, na mashtaka ya kupotosha watu kwa itikadi kali hayakusimama. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana ilisema Oktoba 2023 kwamba vyombo vya usalama na vya haki vilipuuza dalili zilizokuwa wazi. Machi 2023 alikamatwa kuhusiana na vifo vya watoto wawili waliosemekana kufa kwa njaa, akaachiliwa kwa dhamana. Jamaa waliokuwa wamekwenda polisi kuripoti walibaki wakingoja. Kati ya Machi ile na msako wa katikati ya Aprili, msitu ule ulikuwa bado na watu ndani.

Aprili 2023 polisi waliwatoa watu 15, na 4 kati yao wakafa kabla ya kufika hospitali. Ufukuaji wa makaburi ulipoanza tarehe 21 Aprili, idadi ya miili ilipanda siku hadi siku mpaka ikapita 400. Daktari mkuu wa serikali wa uchunguzi wa maiti, Johansen Oduor, alikuta wengi waliokufa kwa njaa, na wengine, wakiwemo watoto, wenye dalili za kunyongwa au kupigwa. Familia ya kwanza ilipewa miili ya wapendwa wake Machi 2024 katika hospitali ya Malindi, karibu mwaka mzima baadaye, kwa kuwa ilibidi vinasaba vilinganishwe.

Kwa habari ya mashahidi, kesi hii haina mfano. Waliookolewa walikuwa waathiriwa, na ndio walioona kila kitu. Lakini wengi wao walikuwa bado wanaamini. Waliwekwa katika kituo cha uokoaji na baadhi wakakataa chakula. Juni 2023 watu 65 kati yao walifikishwa mahakamani Shanzu, Mombasa, kwa shtaka la kujaribu kujiua. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilipinga, na ilikuwa na haki. Mtu aliyetolewa msituni akiwa mifupa, kisha akapandishwa kizimbani kama mhalifu, amefundishwa na serikali kuwa mhubiri wake alisema kweli kuhusu uovu wa dunia. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinakwenda kinyume cha katiba. Uamuzi huo ulikuja ukiwa umechelewa kwa wale 65, lakini umeondoa silaha ambayo haikustahili kuelekezwa kwa shahidi.

Januari na Februari 2024 Mackenzie na wenzake zaidi ya 90 walishtakiwa katika mahakama kadhaa: ugaidi Shanzu, kuua bila kukusudia watu 238 Mombasa, ukatili kwa watoto Tononoka, na mauaji ya watoto 191 katika Mahakama Kuu ya Malindi. Walikana mashtaka yote. Kesi ya Shanzu ilipoanza kusikilizwa tarehe 8 Julai 2024, waandishi wa habari waliombwa watoke muda mfupi baadaye ili shahidi anayelindwa apande kizimbani. Wapo waliolalamika kwamba umma unanyimwa habari. Lakini shahidi yule alikuwa anatoa ushahidi dhidi ya watu alioishi nao, aliosali nao, na ambao jamaa zao wako nje ya kesi, Malindi na kwingineko. Kumficha uso kulikuwa kitu kidogo kabisa ambacho taifa lingeweza kumpa.

Mawakili wa utetezi wana haki ya kuuliza kama shahidi wa namna hiyo anaaminika: alifundishwa kutii, alikaa na njaa, ameishi miezi chini ya ulinzi wa serikali inayoshtaki. Hayo ni maswali ya haki, na mahakama inapaswa kuyapima pamoja na makaburi, vinasaba na ripoti za madaktari, kama kesi ya Wendo ya 1953 inavyoagiza. Ushahidi wa watoto na wa waumini wa zamani hauhitaji kubeba kesi peke yake ikiwa udongo wenyewe umetoa wa kwake.

Hata hivyo Agosti 2025, kesi zikiwa zinaendelea, ufukuaji ulianza tena katika kaunti hiyohiyo, mahali paitwapo Kwa Binzaro, na miili zaidi ya 30 ikatolewa. Kule nako kulikuwa na watu walioona, walioshuku, waliomkosa jirani shambani. Baada ya yote yaliyoonekana Shakahola, bado kusema mapema kulikuwa kugumu.

Kazi iliyobaki

Ulinzi wa mashahidi nchini Kenya umejengwa kwa kesi kubwa: shahidi anahamishwa mbali, anapewa jina jipya, anafichwa. Shahidi wa Kilifi kwa kawaida hawezi kuhamishwa bila kuvunjwa. Maisha yake ni minazi 40, kaburi la mama, na watoto wanaosoma shule ya kijiji. Anachohitaji ni cha karibu zaidi: chifu anayejua kuwa kumtisha shahidi ni kosa na anachukua hatua siku hiyohiyo, nauli na malazi vinavyolipwa kabla, kwa sababu kutoka Chakama, bara ya Malindi, mpaka Shanzu si safari ya kukopa, maneno yake kurekodiwa mapema kwa lugha yake, kwa sauti, ili yasipotee kati ya karani na kalamu, na hakimu anayeuliza, kabla ya kutoa dhamana, ni nani mshtakiwa atalala naye kijiji kimoja.

Majaji wetu wamefanya kazi kubwa ya kumpima shahidi. Tangu 1953 wamemuuliza kuhusu taa, umbali, mwezi na muda. Ni wajibu wa serikali, na wa jamii yenyewe, kuuliza swali la pili kwa uzito uleule: ni nani alimwezesha mtu huyu kusema, na ni nani atakuwa naye atakaporudi nyumbani? Swali hilo likikosa jibu, shahidi atakana maneno yake, na mahakama itaandika kwamba hakuaminika, ilhali sisi tuliomwacha peke yake ndio tuliostahili hukumu hiyo.